Mlima Mmoja, Mistari Miwili: Kisa cha Miti ya Kaboni ya Elgon

Kwenye mikutano ya misitu huku Sebei, mashariki mwa Uganda, kazi yangu huwa ni kutafsiri. Mgeni anazungumza Kiingereza, mimi nakigeuza kuwa Kiswahili, na mzee aliyeketi karibu nami anakigeuza tena kuwa Kikupsabiny kwa ajili ya kina mama walio nyuma. Neno lililonitoa jasho ni kaboni. Nilijaribu "hewa ukaa", nililolisikia kwenye redio za ng'ambo ya mto Suam, upande wa Kenya, watu wakatazamana. Nikajaribu "moshi". Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo hawa wananunua moshi uliofungiwa ndani ya mti?" Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani. Akaongeza swali la pili, na hilo nilichelewa kulitafsiri: "Na huo mti umesimama kwenye shamba la nani?"

Kisa ninachokichambua hapa kimekaa ndani ya swali hilo la pili. Ni kisa cha miti iliyopandwa Mlima Elgon kuanzia 1994 kwa fedha za Uholanzi. Nimekichagua kwa sababu karibu kila hatua ambayo dunia imepiga katika kushirikiana juu ya misitu, tangu Rio de Janeiro mpaka sheria za leo za Ulaya kuhusu kahawa, imepita kwenye mteremko huu mmoja. Ukitaka kuielewa historia hiyo bila kusoma maazimio ya Umoja wa Mataifa, panda boda boda kutoka Kapchorwa kwenda Benet ukaangalie miti.

Mlima na watu wake

Elgon inakaliwa na nchi mbili. Kilele chake, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Maji ya mlima huu hayana uraia: Manafwa na Sironko huelekea bonde la Kyoga, Nzoia huteremka hadi Ziwa Victoria, na Suam hubadilika jina na kuwa Turkwel, ikafika hadi Ziwa Turkana. Ndiyo maana tangu zama za Waingereza serikali imekuwa ikiukodolea macho msitu wa juu. Ulitangazwa hifadhi miaka ya 1930, na waliokuwa wakiishi humo wakawa wageni nyumbani kwao kwa mchoro wa kalamu.

Hao ni Wabenet, au Mosopisyek kama wanavyojiita, watu wa nyanda za juu. Walifuga na kurina asali kwenye nyanda za nyasi zilizo juu ya msitu. Serikali ya kikoloni iliwaacha wakae lakini haikuwapa karatasi yoyote, na serikali zilizofuata zikaendelea hivyo hivyo. Mwaka 1983, kwa sababu za usalama (wizi wa ng'ombe ulikuwa umeimaliza Sebei) na kwa sababu za kuulinda msitu, serikali iliamua kuwateremsha na kuwapa hekta 6,000 pembezoni mwa hifadhi. Sehemu hiyo haikuondolewa kisheria kwenye hifadhi. Kamati ya ugawaji nayo ilishutumiwa kuwapa ardhi watu wasiohusika, huku baadhi ya wenye haki wakibaki mikono mitupu.

Mwaka 1993 mlima ukapandishwa hadhi kuwa mbuga ya taifa. Wapimaji walipokuja na vifaa vyao, waligundua kwamba eneo lililogawiwa 1983 halikuwa hekta 6,000 bali karibu 7,500. Mstari ukachorwa upya ili uzitoshe zile 6,000. Hekta 1,500 hivi zikarudi mbugani, pamoja na nyumba, mahindi na makaburi yaliyokuwa juu yake. Kuanzia hapo kijiji kimoja kina mistari miwili, wa 83 na wa 93, na kila mtu anajua anaishi upande gani wa upi. Sijui mahali pengine ambapo watoto wa shule ya msingi hutaja miaka hiyo miwili kama wanavyotaja majina ya mito.

Kile ambacho Rio haikutoa

Wakati wapimaji hawajafika Benet, dunia ilikuwa Brazil. Mkutano wa Rio wa Juni 1992 ulizaa mkataba wa tabianchi na mkataba wa bioanuwai. Nchi tajiri zilitaka pia mkataba wa misitu. Nchi za Kusini, Malaysia na India zikiwa mstari wa mbele, zilikataa: msitu ni mali ya nchi yenyewe, zilisema, na waliokwisha kukata wa kwao wasije kutufundisha namna ya kutunza wetu. Kilichobaki mezani kilikuwa hati yenye jina refu kuliko nguvu zake, "tamko lenye mamlaka lisilofunga kisheria" kuhusu misitu ya aina zote. Fahali wamemwita fahali, lakini pembe wamemtoa.

Ikafuata miaka ya vikao: jopo la serikali mbalimbali kuanzia 1995, kisha jukwaa kuanzia 1997, na hatimaye, mwaka 2000, Jukwaa la Umoja wa Mataifa kuhusu Misitu. Mwaka 2007 nchi zikakubaliana juu ya hati nyingine, nayo isiyofunga mtu. Sizibezi. Zimewapa maafisa wa nchi maskini mahali pa kukaa na kusikilizwa, na zimezoeza serikali kutoa taarifa. Lakini hakuna hata moja iliyofika Benet.

Vilivyofika ni vitu vilivyojaza pengo. Mkataba wa misitu ulipokosekana, ushirikiano ulipita njia nyingine tatu: miradi ya wafadhili, soko la kaboni, na vyeti vya ubora vinavyotolewa na mashirika yasiyo ya serikali. FSC, baraza la vyeti vya misitu, liliundwa 1993, mwaka mmoja tu baada ya Rio, kwa hasira ya watu waliochoka kungoja mawaziri. Njia zote tatu zina tabia moja. Ni makubaliano ya hiari kati ya wanaotia saini, na asiyetia saini haonekani. Hilo ndilo lililotokea Elgon, na ubaya wa mtu yeyote hauhitajiki ili kulieleza.

Saini ya 1994

Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni za kuzalisha umeme zilikuwa na mpango wa kinu kipya cha makaa ya mawe cha megawati 600. Moshi wake zilitaka kuufidia kwa miti, nazo mwaka 1990 zikaanzisha taasisi iliyoitwa FACE. Hesabu iliwaonyesha kwamba zinahitajika hekta 150,000 za miti, eneo ambalo Uholanzi haina. Wakatafuta kwingine: Malaysia, Ecuador, Uganda. Mwaka 1994, kabla hata mkataba wa Kyoto wa kupunguza hewa ukaa haujazaliwa, walitia saini na mamlaka ya mbuga za Uganda, ambayo miaka miwili baadaye iliunganishwa na idara ya wanyamapori ikawa Uganda Wildlife Authority, UWA. Lengo lilikuwa makumi ya maelfu ya hekta katika mbuga mbili, Elgon na Kibale, na miti ilindwe miaka 99. FACE ilipe gharama za kupanda, UWA imiliki na kutunza miti, na hewa ukaa itakayofyonzwa iwe mali ya FACE.

Nimeusoma muundo huo mara nyingi na bado naona kwamba kwa wakati wake ulikuwa mwerevu. Mbuga iliyoharibiwa wakati wa vurugu za miaka ya 1970 na 1980 ilipata fedha za kuotesha upya miti ya asili, na siyo misonobari ya mbao. Mamia ya watu walipata vibarua vya vitalu na upandaji. Mkataba wa tabianchi ulikuwa bado unajaribu miradi ya pamoja kati ya nchi tajiri na maskini, na Uganda ilikuwa imetangulia wengi.

Ila angalia mahali miti ilipopandwa. Katikati ya msitu hakuhitaji miti, ipo. Palipokuwa tupu ni kwenye ukingo, ule ukanda wa kilomita mbili tatu unaoufuata mpaka wa mbuga. Tupu kwa macho ya nani? Kwa mwenye ramani ya 1993 ilikuwa ardhi iliyovamiwa na sasa inakombolewa. Kwa aliyegawiwa shamba 1983 ilikuwa viazi vyake. Mkataba ukauchukulia mpaka kama jambo lililokwisha, kwa sababu mwenye kuuthibitisha alikuwa ndiye mtia saini, na FACE haikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Serikali inaposema mpaka ni huu, mwekezaji wa kigeni hana adabu ya kubisha. Ile hoja ya Rio kwamba msitu ni mamlaka ya nchi ilikuwa ikifanya kazi yake barabara.

Kwenye mstari walipanda mikaratusi, kalitunsi kama tunavyoiita, ili mpaka uonekane kwa mbali. Ndani wakapanda ya asili, ukiwamo *Prunus africana*, mti ambao magome yake hutengenezewa dawa ya tezi dume. Mpaka uliokuwa wa karatasi sasa ukawa na kivuli.

Cheti

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya hekta zilikuwa zimepandwa, na mwaka 2002 mradi ukapata cheti cha FSC baada ya kukaguliwa na kampuni ya SGS. Hapa ndipo mimi hukwama kila ninapokisimulia kisa hiki. Kanuni ya pili ya FSC inataka haki za umiliki na matumizi ya ardhi ziwe wazi, zimeandikwa na zimethibitika kisheria. Kanuni ya tatu inahusu haki za wenyeji wa asili. Kwa hiyo cheti kilikuwa na maswali hasa ya yule mzee, na kwa Kiingereza kizuri kuliko changu.

Wakaguzi hawakuwa vipofu. Waliandika kwamba kuna mgogoro wa mpaka, wakaagiza urekebishwe. Lakini cheti kikatoka, na dosari ikageuzwa kuwa kazi ya kufanya baadaye. Ukaguzi wa namna hii hupima kama meneja ana utaratibu wa kushughulikia mgogoro, na UWA ilikuwa nao. Kama mgogoro wenyewe unaisha ni jambo lililo nje ya uwezo wa meneja, kwa sababu mstari hubadilishwa na Bunge. Mkaguzi anauliza maswali ya nchi kwa mtu anayesimamia mbuga. Jibu lolote atakalopewa litakuwa la kweli na halitatosha.

Wakati huo huo fidia za kaboni ziliuzwa Ulaya kwa kampuni na kwa watu binafsi, wakiwemo abiria wa ndege waliotaka kusafiri bila kujilaumu. Mtu aliyenunua fidia yake uwanja wa ndege hakuwa na njia ya kujua kwamba mti wake una mistari miwili.

Kisha miti ikaanza kukatwa. Wakulima walirudi kwenye ukanda, wakafyeka iliyopandwa, wakapanda mahindi. Walinzi wa mbuga wakawaondoa, nao wakarudi. Kesi zikafunguliwa, upande wa Bugisu wanakoishi Wagisu na upande wa Sebei, na kila upande ukalaumu mwingine kwa vipigo na hasara. Upandaji Elgon ukasimama. Watetezi wa misitu kutoka nje walikuja kufanya utafiti, na mwaka 2006 mradi ukawa mfano maarufu duniani wa namna soko la kaboni linavyoweza kwenda kombo. Umaarufu huo, naomba niseme, haukumrudishia mtu shamba.

Mbale, Oktoba 2005

Wabenet walikwenda mahakamani wakisaidiwa na Uganda Land Alliance, muungano wa watetezi wa haki za ardhi. Tarehe 27 Oktoba 2005 Mahakama Kuu mjini Mbale ilitoa hukumu ya makubaliano, yaani serikali na UWA nao waliikubali. Ilisema wakazi wa Benet, pamoja na Yatui, Kabsekek na Kwoti, ni wenyeji wa kihistoria na wa asili wa maeneo hayo. Wana haki ya kukaa na kulima bila kusumbuliwa. Na hatua zichukuliwe kuliondoa eneo hilo kwenye mbuga baada ya mpaka kukaguliwa uwandani pamoja na wananchi.

Soma tena neno "wa asili" na ukumbuke cheti cha miaka mitatu nyuma na kanuni yake ya tatu. Kile ambacho mfumo wa kimataifa ulikuwa umekiandika kama dosari ya kurekebishwa, mahakama ya mkoani ilikisema kwa kurasa chache. Kwa waliokuwepo Mbale siku hiyo ilikuwa sikukuu.

Mwaka 2008 watu waliondolewa tena kwa nguvu na kuwekwa kwenye makazi ya muda. Makazi ya muda ni maneno ya kuchunga. Mwaka 2021 shirika la haki za binadamu la Amnesty International lilipotoa ripoti yake juu ya Wabenet, watu walikuwa bado wanaishi humo, kwenye vibanda, baada ya miaka 13. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuhamishwa alikuwa tayari anajua kuchunga.

Kwa nini hukumu haikutekelezwa? Nina maoni yangu. Kubadilisha mpaka wa mbuga kunahitaji Bunge, fedha za upimaji, na mwanasiasa wa kubeba lawama. Ukiwatolea Wabenet, wakulima wa wilaya za Manafwa na Bududa watauliza wa kwao, na orodha itakuwa ndefu. Upande wa pili, kutokubadilisha hakumgharimu mtu yeyote aliyeko Kampala. Na mikataba ya nje ilikuwa imeongeza jiwe kwenye mzani: eneo lenye miti iliyoahidiwa kusimama miaka 99 ni gumu kuliachia kuliko eneo lenye nyasi.

Kibale, kwa kulinganisha

Mkataba ule ule, fedha zile zile, taasisi zile zile: Kibale, magharibi, miti ilistawi na msitu ukarudi. Wataalamu huja kuutazama. Mara nyingi huelezwa kwamba Kibale kulikuwa na usimamizi bora. Labda. Lakini kabla ya FACE kufika, mwaka 1992, maelfu ya watu waliokuwa wakiishi kwenye ukanda ule waliondolewa na kupelekwa mbali, kwa njia ambayo leo hakuna mfadhili angeikubali. Swali la mzee lilifungwa kwa mabavu, kisha miti ikapandwa juu ya ukimya. Elgon swali lilibaki wazi. Tofauti ya mafanikio kati ya sehemu hizi mbili naiona hapo zaidi kuliko kwenye ubora wa vitalu, na siifurahii.

Malewa

Kuna jambo jingine lililofanyika mlimani humu bila kelele. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Norway ilifadhili mradi wa uhifadhi na maendeleo ulioendeshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, na mwaka 1996 parokia mbili zikawa za kwanza kuandikiana na mbuga makubaliano ya matumizi. Wananchi waruhusiwe kuingia kuchukua kuni zilizokauka, dawa, mboga na malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga (Mgisu asiyekula malewa sijakutana naye). Wao walinde, watoe taarifa za wakataji, wajiadhibu wenyewe.

Baadaye yakaja makubaliano ya mpakani: familia inapanda kalitunsi kwenye ukanda mwembamba wa mpaka, inaitunza, inavuna miti yake kwa utaratibu na kuipanda upya. Nimepita huko. Mahali mti una mwenyewe mwenye panga na haki ya kuutumia, mti upo. Hatua mia mbili mbele, mahali mti ulikuwa wa "mradi", kuna visiki. Sidai kwamba hilo linatatua tatizo la ardhi. Fito za kalitunsi hazimrudishii Mbenet hekta zake. Ila linaonyesha kwamba mkataba ukimwingiza anayeishi mstarini kama mtia saini, tabia ya mstari hubadilika.

Mwaka 2005 ukaja mpango wa kuutazama mlima mzima, Kenya na Uganda pamoja, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa fedha za Norway na Sweden. Mwaka huo huo UNESCO iliutambua upande wa Uganda kuwa hifadhi hai ya binadamu na mazingira, miaka miwili baada ya upande wa Kenya. Wenzetu wa Chepkitale, Ogiek wa upande ule, wamepigana vita vyao mahakamani kwa miaka mingi juu ya suala hili hili. Mlima ni mmoja hata kwa malalamiko.

Niseme na hili, maana wako wanaopenda kukigeuza kisa hiki kuwa cha miti dhidi ya watu. Machi 2010 mteremko wa Nametsi, Bududa, uliporomoka usiku na kuzika soko, zahanati na mamia ya watu. Wengi hawakupatikana hadi leo. Walionusurika walipelekwa Kiryandongo, mamia ya kilomita kutoka makaburi yao. Mvua, mwinuko na udongo vilihusika, na vilevile mashamba yaliyopanda mlima mpaka mahali pasipotakiwa jembe. Anayeniambia miti haina kazi Elgon, namwomba alale Bududa mwezi wa nne.

Dunia ilijifunza, lakini ilijifunza nini

Kyoto 1997 na kanuni za Marrakesh 2001 ziliingiza upandaji miti kwenye soko rasmi la kaboni, kwa masharti mengi. Ardhi iwe haina msitu tangu mwisho wa 1989, na kaboni ya miti ihesabiwe kuwa ya muda, kwa sababu mti hufa, huungua, hukatwa. Soko la Ulaya lililofunguliwa 2005 halikuipokea kabisa. Uganda iliingia hata hivyo: mradi wa Rwoho, kusini-magharibi, ulisajiliwa mwaka 2009 ukiwa kati ya miradi ya kwanza ya misitu ya Afrika kwenye mfumo huo.

Halafu ikaja REDD+, fikra kwamba nchi ilipwe kwa kupunguza ukataji badala ya kupanda tu. Ilitajwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Montreal 2005, ikakubaliwa ule wa Bali 2007, na Cancún 2010 ikapewa kinga: haki za wenyeji wa asili ziheshimiwe, wananchi washiriki kikamilifu. Waliokuwa wakiandika kinga hizo walivijua visa kama cha Elgon. Kwa maana hiyo mahindi yaliyopandwa juu ya visiki vya FACE yamechangia sheria ya dunia, ingawa hakuna mkulima aliyeshukuriwa. Uganda ikaandaa mkakati wake, ikapeleka kiwango chake cha marejeleo, yaani kipimo cha kulinganishia ukataji, na ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuwasilisha matokeo ya REDD+ kwa mkataba wa tabianchi, tani zaidi ya milioni 8 za hewa ukaa.

Mahali pengine pia tumeahidi: hekta milioni 2.5 za kurejeshwa kwenye Changamoto ya Bonn, ahadi ya kimataifa ya kurejesha misitu. Mpango mkakati wa misitu wa Umoja wa Mataifa wa 2017 hadi 2030 nao unataka eneo la misitu duniani likue kwa asilimia 3. Ninapozisikia hekta hizi huwa najiuliza ziko wapi hasa. Nchini mwetu ardhi iliyo tupu kwenye ramani huwa na mtu.

Kinga za Cancún ni bora kuliko kitu chochote ambacho mkataba wa 1994 ulikuwa nacho, nalikubali hilo bila kusita. Udhaifu wake ni ule ule wa cheti. Anayetoa taarifa kwamba kinga zimeheshimiwa ni serikali, na serikali ndiyo upande mmoja wa mstari. Dunia imejifunza kuuliza swali la mzee. Bado inalipeleka kwenye anwani ile ile.

Kahawa

Mwaka jana niliitwa kutafsiri tena, na safari hii hapakuwa na neno kaboni. Ilikuwa kahawa. Umoja wa Ulaya ulipitisha 2023 sheria inayotaka kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine zisitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umekwisha kuahirishwa, lakini wanunuzi hawangoji. Kila shamba linatakiwa liwe na majiranukta yake, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo kwenye ramani. Shamba la chini ya hekta 4 linatosha nukta moja.

Kwa mara ya kwanza tangu Rio, kitu kinachofunga kimefika mlimani. Ushirikiano wa hiari umebadilishwa na sheria ya mnunuzi, na nchi za Kusini zinalalamika kwamba hazikuulizwa, hoja ile ile ya 1992 ikiwa imevaa shati jingine. Sheria hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni la msitu, na mkulima wa kati ya mistari miwili analipita kirahisi: pale hapajawa na msitu tangu babu yake. La pili ni kwamba zao liwe limelimwa kwa kufuata sheria za nchi, zikiwemo za matumizi ya ardhi. Hapo ana hukumu ya 2005 mkononi inayosema ana haki, na ramani ya mbuga inayosema hayupo.

Tulikuwa kwenye ua wa mama mmoja, miche yake michache ya kahawa ikiwa kando ya viazi. Kijana wa usajili alitoa simu, akaenda katikati ya shamba, akangoja satelaiti zimwone, akabonyeza. Nukta ya kijani ikatokea kwenye skrini, karibu sana na mstari mwekundu. Yule mama akainama kuitazama, kisha akanigeukia.

"Muulize huo mstari ni wa mwaka gani."

Nikamuuliza. Kijana akaikuza ramani kwa vidole viwili, akaipunguza, akaikuza tena. Hakuwa amejua kwamba iko miwili.